Kutoka chanuo la kitani hadi kuzomea jukwaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiingereza kina kitenzi "heckle". Ukikisikia kwenye taarifa ya habari, ujue kuna mtu alikuwa anahutubia na mwingine akamkatiza kwa kelele, kejeli au swali la kumkera. Lakini kwa karne nyingi neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na majukwaa. Lilikuwa jina la kazi ya mikono, ya vumbi na misumari. Maswali yafuatayo huulizwa zaidi na wafasiri, wanahabari na wanafunzi wa lugha.

Neno hili linahusu nguo gani?

Kitani. Ni mmea unaopenda ubaridi, wenye shina jembamba na maua ya buluu, na nyuzi zake zimo kwenye ganda la shina. Ndiyo "kitani safi" ya kwenye Biblia, na ndiyo sanda waliyoviringishiwa mafarao wa Misri. Usiichanganye na katani, ambayo kwa wengi wetu ni nyuzi za mkonge wa Tanga. Wazungu waliichana pia hempu (mmea wa nyuzi wa jamii ya bangi) kwa ajili ya kamba za meli, na kwa chombo kilekile, lakini historia ya neno letu imekaa zaidi kwenye kitani.

Kazi yenyewe ilifanywaje?

Kitani haikatwi. Hung'olewa na mizizi yake ili nyuzi zibaki ndefu. Mbegu zikishatolewa, mashina hulowekwa kwenye dimbwi, au hutandazwa shambani yapigwe na umande kwa wiki kadhaa, mpaka ule utomvu unaoshikilia nyuzi uoze. Aliyewahi kuona akina mama wa pwani wakifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya bahari, wakayaacha miezi, kisha wakayafukua na kuyaponda ili wapate usumba wa kusokota kamba, hahitaji maelezo zaidi. Kanuni ni ileile, na uvundo haupishani sana.

Mashina yakikauka hupondwa, na vipande vya mti hupukutishwa kwa ubapa wa mbao. Kinachobaki ni tita la nyuzi zilizofungamana, ndefu kwa fupi, na uchafu ndani yake. Huwezi kulisokota likiwa hivyo. Hapo ndipo "heckle" inapoingia.

Chombo chenyewe ni ubao mzito uliokazwa kwenye benchi, na juu yake zimesimamishwa safu za meno marefu ya chuma yaliyochongoka. Fundi hushika tita kwa upande mmoja, akalizungushia mkononi lisimponyoke, akalirusha juu ya meno na kulivuta kuelekea kwake. Huanzia kwenye ncha, na kila mvuto huingia ndani zaidi kidogo, kwa sababu ukivamia katikati mapema nyuzi zitakatika. Akimaliza upande mmoja hugeuza mwingine. Kisha huhamia chanuo la pili lenye meno membamba na yaliyokaribiana zaidi, halafu jingine jembamba zaidi ya hilo. Nyuzi ndefu hutoka zimenyooka, laini, tayari kwa kusokotwa. Zile fupi na zenye mafundo hukwama kwenye meno, nazo hukusanywa kwa ajili ya kamba, magunia na vitambaa vya hali ya chini.

Ni kazi ya nguvu na ya jicho kwa pamoja, na vumbi lake liliua. Waliovuta vumbi la kitani miaka mingi walipata ugonjwa wa mapafu ambao waganga wa leo huuita bisinosisi. Mtu aliyefanya kazi hiyo aliitwa "heckler", na katika viwanda vya Uskoti kwa kawaida alikuwa mwanamume, na kwa viwango vya wafanyakazi wa wakati ule alijiona fundi hasa.

Neno lina umri gani?

Lipo kwenye Kiingereza tangu karne ya 14 au hata kabla kidogo, likimaanisha chanuo na kuchana kitani, basi. Lina ndugu katika lugha za jirani: Wadachi, yaani watu wa Uholanzi, husema "hekel", Wajerumani "Hechel". Shina lake ni lilelile lenye maana ya ndoano au jino lililopinda.

Ikawaje chanuo likageuka kuwa maneno?

Mwishoni mwa karne ya 18 watu wa Uskoti walianza kusema kwamba mtu "amechanwa kitani" wakiwa na maana ya kwamba amebanwa kwa maswali makali mpaka udhaifu wake ukaonekana. Picha inajieleza. Hoja ya mtu huletwa ikiwa tita, nawe unaipitisha kwenye misumari, kwanza ile mikubwa na baadaye midogo, uone nyuzi ngapi zitatoka nzima na kiasi gani kitakwama. Kutoka hapo neno likahamia kwenye mikutano ya siasa, na kwa muda mrefu Waskoti walilitumia hasa kwa desturi moja: mgombea ubunge kusimama mbele ya umma na kuhojiwa.

Nimesoma kwamba maana hiyo ilizaliwa Dundee. Ni kweli?

Nusu.

Kwanza sehemu iliyo imara. Dundee, mji wa pwani ya mashariki ya Uskoti, uliishi kwa kitani. Malighafi iliingia kwa meli kutoka nchi za Baltiki, Riga ikiwa miongoni mwa bandari kubwa, na nguo ngumu ikatoka kwenda kutengeneza matanga ya meli na, jambo ambalo halipaswi kurukwa, nguo za watumwa katika mashamba ya Karibi na Amerika. (Baadaye, kuanzia miaka ya 1830, mji ulihamia kwenye juti ya Bengali, yaani yale magunia tunayoyajua wote.) Wachanaji wa kitani wa Dundee walikuwa na sifa ya ukorofi wa kisiasa. Walijipanga kudai mishahara, walisoma, walibishana. Kinachosimuliwa zaidi ni kwamba katika karakana mmoja wao alisoma gazeti la siku kwa sauti huku wenzake wakiendelea kuchana, na kila aya ilikatizwa kwa kelele, maswali na ubishi mkali.

Fikiria gazeti lilikuwa nini wakati ule. Lilikuwa ghali, si kila mtu alijua kusoma, na habari zilizokuwa zinaingia ni za mapinduzi ya Ufaransa na haki za watu wa kawaida. Novemba 1792 watu wa Dundee walipanda mti wa uhuru kwa mfano wa Wafaransa. Mwaka uliofuata mchungaji Thomas Fyshe Palmer alihukumiwa kupelekwa uhamishoni Australia kwa sababu ya waraka wa kudai mageuzi, na mwandishi wa awali wa waraka huo alikuwa mfumaji wa Dundee aitwaye George Mealmaker. Yeye mwenyewe alifikiwa na mkono wa sheria mwaka 1798, akapewa miaka 14. Alipofika New South Wales, Australia, serikali ilimtumia kuanzisha ufumaji huko Parramatta, ndiyo kusema hata adhabu yake iliishia kwenye nyuzi.

Kwa hiyo mji ulikuwepo, watu wakorofi walikuwepo, na kazi yenye jina hilo ilikuwepo. Ni rahisi kuona kwa nini hadithi imependwa.

Na ile nusu nyingine?

Nusu nyingine ni kwamba chanuo halikuhitaji Dundee ili ligeuke kuwa maneno. Angalia majirani. Kwa Kidachi, kumpitisha mtu kwenye "hekel" ni kumkosoa bila huruma, shairi la kejeli huitwa "hekeldicht", na kuwa na "hekel" na kitu ni kukichukia. Kwa Kijerumani "durchhecheln" ni kumteta mtu, kumchambua kipengele kwa kipengele wakati hayupo. Kwa Kiswidi "häckla" ni kuchana kitani na pia ni kumshambulia mtu kwa maneno. Hawa wote hawakuwa na habari ya msoma gazeti wa Dundee. Kila walipokuwa na misumari ile, watu waliona jinsi inavyofanana na ulimi wa mkosoaji.

Ninavyoona mimi, kilichokuwa cha Uskoti si mfano wa chanuo bali jukwaa. Wadachi waliutumia mfano huo kwenye mashairi na Wajerumani kwenye umbea. Waskoti waliupeleka kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya mtu anayeomba madaraka, na humo ndimo neno la Kiingereza lilimokulia. Wachanaji wa Dundee walisaidia kulipa sura na sauti.

Robert Burns naye alikuwa mchanaji?

Ndiyo, kwa miezi. Mshairi huyo mkuu wa Uskoti alikwenda mji wa Irvine mwaka 1781, akiwa na umri wa miaka 22, kujifunza kuchana kitani. Karakana iliungua wakati watu wakisherehekea kuingia kwa mwaka 1782, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wapo wanaopenda kumfanya Burns kuwa daraja kati ya chanuo na maneno makali. Ni wazo tamu tu. Halina mashiko.

Zamani, basi, kitendo hiki kilikuwa ni kuzomea?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosa. Katika mkutano wa uchaguzi wa Kiskoti wa karne ya 19, mgombea alihutubia, akamaliza, kisha akabaki jukwaani kubanwa kwa maswali. Umesema hivi mwaka juzi, leo unasema vile, kwa nini? Utapiga kura gani bungeni kuhusu ushuru wa nafaka? Mgombea aliyekwepa alidharauliwa, na aliyejibu kwa ucheshi bila kutetereka aliondoka na sifa hata kwa wasiokubaliana naye. Mara nyingi kikao kilifungwa kwa kupigia kura hoja ya kuwa na imani naye.

Waliokuwa wakiuliza wengi wao hawakuwa na kura. Kabla ya mageuzi ya mwaka 1832, Uskoti nzima yenye watu zaidi ya milioni mbili ilikuwa na wapiga kura wasiozidi 5,000. Mageuzi yakaipandisha idadi hadi kama 65,000, ambayo bado ni tone. Mchanaji wa kitani hakuwemo. Alichokuwa nacho ni haki ya kusimama kwenye umati na kufungua mdomo, na mpaka sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872, wagombea walipendekezwa hadharani mbele ya umati huohuo. Mtu ambaye hawezi kukunyima kura anaweza kukunyima raha jukwaani. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini neno lilishika mizizi miongoni mwa mafundi na si miongoni mwa mabwana.

Maana ya kumkatiza mtu katikati ya hotuba iliingiaje?

Haikuingia siku moja. Swali baada ya hotuba likawa swali katikati ya hotuba, swali katikati ya hotuba likawa kelele. Lakini waliolipeleka neno hili kwenye kurasa za mbele za magazeti ya Uingereza yote ni wanawake waliodai haki ya kupiga kura.

Tarehe 13 Oktoba 1905, chama cha Liberal kilifanya mkutano katika ukumbi wa Free Trade Hall, Manchester. Mzungumzaji alikuwa Sir Edward Grey. Christabel Pankhurst na Annie Kenney waliuliza kama serikali ya Liberal itawapa wanawake kura. Hawakujibiwa. Wakauliza tena. Wakatolewa nje kwa nguvu, wakakamatwa, na walipotozwa faini wakakataa kulipa, wakachagua jela. Kenney alikuwa ameanza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka 10. Sidhani kama alihitaji kueleweshwa neno hilo lilitoka wapi.

Zingatia walichofanya. Waliuliza swali, lilelile ambalo mwanamume mwenye kura angeliuliza akajibiwa kwa adabu. Ni ukimya wa jukwaani uliogeuza swali kuwa fujo. Baada ya hapo mbinu ilisambaa: mawaziri walifuatwa mji kwa mji, na mikutano mingi ya Liberal ikapiga marufuku wanawake kuingia. Desemba 1908, waziri wa fedha David Lloyd George alipokwenda Royal Albert Hall, London, kuzungumza na wanawake, mmoja wa waliomkatiza, Helen Ogston, alijihami kwa mjeledi wa mbwa pale walinzi walipokuja kumtoa.

Winston Churchill ana uhusiano gani na hadithi hii?

Mkubwa, na ni Dundee hiyohiyo. Mwaka 1908 alipoteuliwa waziri ilimlazimu kurudi kwa wapiga kura, kama sheria ilivyotaka wakati huo. Akashindwa Manchester mwezi Aprili, akakimbilia Dundee ambako kiti kilikuwa wazi. Kampeni ikamgeukia tamthilia. Mwanamke mmoja mwanaharakati kutoka Ireland, Mary Maloney, alimfuata kutoka mkutano hadi mkutano akiwa na kengele kubwa ya mkononi. Churchill akifungua kinywa, kengele inalia. Alimtaka aombe radhi kwa maneno aliyoyasema kuhusu wanawake. Churchill hakuomba radhi, na kuna mkutano aliouacha bila kuumaliza. Hata hivyo alishinda.

Alikaa na kiti hicho miaka 14. Uchaguzi wa Novemba 1922 ulimkuta ametoka kukatwa kidole tumbo, hawezi kusimama sawasawa. Alifika Dundee siku za mwisho, akahutubia ameketi, na kwenye ukumbi wa Drill Hall wazomeaji walimfunika kabisa. Siku ya kura aliangushwa hadi nafasi ya nne. Kiti kimoja kati ya viwili vya mji kilichukuliwa na Edwin Scrymgeour, mpinga pombe ambaye alikuwa ameshindwa na Churchill uchaguzi baada ya uchaguzi. Churchill mwenyewe baadaye alitania kwamba alijikuta hana wizara, hana kiti, hana chama, na hana kidole tumbo.

Ingekuwa rahisi kudai kwamba wachanaji wa kitani walilipiza kisasi. Hawakuwepo tena. Mashine zilikuwa zimewamaliza katika karne ya 19, na viwanda vya Dundee vya juti vilikuwa vimejaa wanawake. Bado, kama kuna mji ambao mwanasiasa hakupaswa kuuchukulia poa, ni huo.

Sheria ya Uingereza inasemaje?

Desemba 1908, kwa sababu ya wanawake hao hasa, bunge lilipitisha sheria ya mikutano ya hadhara iliyofanya kuwa kosa kufanya vurugu kwa lengo la kuzuia mkutano usifanyike. Kwa mikutano ya uchaguzi, sheria ya uwakilishi wa wananchi ya mwaka 1983 ina kipengele chake. Swali moja la kelele si kosa. Kuua mkutano ndilo kosa.

Wamarekani wana msemo wa "kura ya turufu ya mzomeaji". Ni nini?

Ni hali ambayo mamlaka inamnyamazisha msemaji kwa kisingizio kwamba umati utakasirika. Yaani mzomeaji hapigi hata kelele, anatishia tu, na polisi wanamfanyia kazi yake. Msemo huo ulipata umaarufu katika miaka ya 1960 kupitia mwanasheria Harry Kalven wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kesi mbili hutajwa sana: ya Terminiello mwaka 1949, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilimlinda msemaji, na ya Feiner mwaka 1951, ambapo ilikubali akamatwe. Zikisomwa pamoja zinachanganya, na mahakama yenyewe baadaye ilielemea upande wa msemaji.

Je, kukatiza hotuba ni unyanyasaji?

Inategemea nani yuko juu na nani yuko chini. Chukua tukio la Septemba 2005, mkutano mkuu wa chama cha Labour, Brighton. Waziri wa Mambo ya Nje Jack Straw alikuwa akitetea vita vya Iraki. Mwanachama wa siku nyingi, Walter Wolfgang, mzee wa miaka 82 aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa kijana mdogo, alitamka neno moja tu lenye maana ya "upuuzi". Mabaunsa walimbeba wakamtoa. Alipojaribu kurudi ndani, polisi walimzuia kwa kutumia sheria ya kupambana na ugaidi. Chama kiliomba radhi, na mwaka uliofuata wanachama walimchagua kuingia kwenye kamati kuu. Hapo nani alimnyanyasa nani?

Sasa geuza. Msichana anasimama kwa mara ya kwanza kugombea udiwani, na kila akianza sentensi kundi la vijana waliokodiwa linamtolea matusi ya mwili wake. Hakuna anayemhoji chochote. Huo ni unyanyasaji, na kuuita kwa jina la desturi ya kidemokrasia ni kuutafutia kichaka. Kipimo changu ni kimoja: kuna swali ndani ya hiyo kelele? Likiwepo, hata likiwa la jeuri, bado tuko karibu na wachanaji. Lisipokuwepo, ni kelele za kukodi.

Hata bungeni hutokea?

Kila mahali. Tarehe 9 Septemba 2009 mbunge Joe Wilson alimpigia kelele Rais Barack Obama kwamba anadanganya, katikati ya hotuba yake kuhusu bima ya afya, na Baraza la Wawakilishi likampitishia azimio la karipio kwa kura 240 dhidi ya 179. Kwetu, wabunge wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani Tanzania, walitolewa ukumbini Dodoma tarehe 20 Novemba 2015 walipopiga kelele kupinga kuingia kwa Dkt. Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar, siku ambayo Rais Magufuli alilizindua Bunge, wakati uchaguzi wa Zanzibar ukiwa umefutwa. Nairobi, tarehe 31 Machi 2016, wabunge wa upinzani walikwenda na filimbi na kuzipuliza Rais Uhuru Kenyatta alipoanza hotuba yake kwa taifa.

Filimbi ina ujanja wake: haimtusi mtu, na haiwezi kunukuliwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.

Na kwa wachekeshaji?

Huko neno limepata makazi mapya. Kwenye vilabu vya uchekeshaji, mzomeaji ni mtu wa kawaida, mara nyingi aliyelewa, anayetaka naye achekwe. Mchekeshaji mzoefu humgeuza kuwa sehemu ya onyesho. Anayekosa uzoefu humjibu kwa hasira, na ukumbi wote unahamia upande wa mlevi.

Kwa Kiswahili tulitafsiri vipi?

"Kuzomea" ndilo neno la kwanza linalokuja, na kwa habari nyingi za leo linatosha: Waziri azomewa. Lakini kuzomea kwetu ni kwa kundi, kuna lile "uuu!" la kuaibisha, na hakuhitaji hoja. Ikiwa mtu mmoja amedakia neno katikati ya hotuba, sema "alimkatiza" au "alidakia". Ikiwa unatafsiri maandishi ya karne ya 19 kutoka Uskoti, ukiandika "kuzomea" utakuwa umeharibu. Andika "kumbana kwa maswali". Nimeona tafsiri ambamo wapiga kura waliouliza maswali ya maana kuhusu ushuru wamegeuzwa wahuni kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Wengine hupendekeza "kumchana", kwa vile vijana husema "alimchana makavu". Linavutia, maana ni kuchana kwa kuchana. Ila kumchana mtu ni kumwambia ukweli wake usoni, popote pale, hata sebuleni kwenu. Halibebi jukwaa wala umati.

Ndugu wa kweli wa neno hili kwa Kiswahili ni "kuchambua". Tunachambua pamba kutoa mbegu na takataka, tunachambua karafuu kuzitenga na vikonyo, na kutoka hapo tumepata uchambuzi wa hoja, mchambuzi wa siasa, mchambuzi wa soka anayejua kila kitu baada ya mechi kwisha. Njia ni ileile ya mikono kwenda kwenye akili. Tofauti ni kwamba mchambuzi wetu alipewa kiti studio, na yule wa Uskoti akaachwa amesimama nyuma ya ukumbi.

Kuna maneno mengine ya Kiingereza yaliyotoka kwenye kazi za nguo?

Mengi. "Tease", kutania au kuchokoza, mwanzo ilikuwa kuvutavuta sufu ili iachane kabla ya kusokotwa. Kuwa kwenye "tenterhooks", yaani roho juu, kunatokana na ndoano za kuwambia kitambaa kilichofuliwa ili kikauke kikiwa kimenyooka. "Shoddy", kazi ya ovyo, lilikuwa jina la nguo za sufu zilizotengenezwa kwa matambara yaliyochanuliwa upya huko Yorkshire. "Spinster", mwanamke asiyeolewa, alikuwa tu msokotaji wa nyuzi.

"Hackle" na "heckle" ni neno moja?

Ni matamshi mawili ya neno lilelile kwa upande wa chombo. "Hackle" pia ni manyoya ya shingo ya jogoo, yale yanayosimama akitaka kupigana, ndiyo maana Mwingereza husema manyoya hayo yamemsimama akiudhika. Wanajeshi wa Kiskoti wa Black Watch huvaa shada jekundu la manyoya kwenye kofia, nalo huitwa kwa jina hilo. Kikosi hicho kilikuwa Kenya kuanzia mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau.

Naweza kuliona chanuo lenyewe wapi?

Irvine, kwenye mtaa wa Glasgow Vennel, karakana inayohusishwa na Burns imehifadhiwa. Dundee kuna makumbusho ya Verdant Works ndani ya kiwanda cha zamani, ingawa humo juti ndiyo inayotawala. Na kwa anayepita Ireland ya Kaskazini, makumbusho ya kitani ya Lisburn yanafaa zaidi kwa mtu anayetaka kuelewa kazi hatua kwa hatua.